Naombeni ushauri: ukurasa wa mbele na upangaji wa kurasa za gazeti la wiki

Kurasa16:
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wazoefu wa usanifu wa kurasa. Gazeti ni la wiki, tabloidi ya kurasa 16, ukubwa 280 x 430 mm, safu 6. Rangi ipo ukurasa wa 1, 8, 9 na 16, zilizobaki ni nyeusi tupu. Ukurasa wa mbele tunautengeneza Photoshop, tunauhifadhi kama JPG, halafu tunauingiza InDesign (programu ya kupanga kurasa) pamoja na kurasa za ndani.

Shida ziko hivi. Mbele zinakaa habari tano zenye ukubwa unaokaribiana, ukurasa umejaa lakini hakuna kinachovuta jicho. Picha zikitoka mtamboni nyuso ni giza, wakati kwenye skrini ziko safi kabisa. Vichwa vyeupe juu ya nyekundu vinatoka na kingo zilizochakaa. Ndani, maneno yanaachiana mianya mikubwa. Na habari zikija ndefu kuliko nafasi, fonti inashushwa hadi pointi 8 ili ziingie. Kiwanda kinasema mtambo wao ni mzima. Nianzie wapi?

PletiNne:
Mkuu, kwa maelezo hayo kiwanda kinasema kweli. Anzia kwenye JPG ya ukurasa wa mbele, maana hapo shida mbili zinakwisha mara moja.

Ukiandika kichwa ndani ya Photoshop na kuhifadhi JPG, herufi zinageuka picha. Zinachapwa kwa nukta kama picha nyingine yoyote, na kingo zake zinameguka. Zaidi ya hapo, nyekundu iliyochaguliwa kwenye RGB (rangi za skrini) ikigeuzwa kuwa ya wino inaweza kubeba wino aina tatu au nne. Mtambo ukiyumba hata robo milimita, herufi nyeupe inaingiliwa na rangi pembeni. Photoshop ibaki kazi ya picha tu. Maandishi yote, nembo ya gazeti na mabango ya rangi yatengenezwe InDesign, na nembo iwe ya vekta (mchoro wa mistari, si wa pikseli). Nyekundu iandike C0 M100 Y100 K0 (asilimia za wino nne za uchapaji, CMYK: samawati, majenta, njano na nyeusi), hapo zinakutana aina mbili tu za wino. Herufi nyeupe juu ya rangi ziwe nene, zisizo na vijimkia, kuanzia pointi 12 kwenda juu. Kama kuna jina la mwandishi la pointi 7 limewekwa jeupe juu ya picha, liondoe, halitasomeka.

Angalia na nyeusi. Nyeusi ya RGB ikigeuzwa kwa mipangilio ya kawaida ya Photoshop inakuwa karibu C75 M68 Y67 K90. Hiyo ni 300% ya wino chini ya herufi moja ndogo. Maandishi ya habari yawe K100 peke yake. Namna ya kuhakiki: fungua PDF kwenye Acrobat, ingia Output Preview, zima Black. Maandishi yote ya habari yanatakiwa kupotea. Neno lolote litakalobaki limebeba rangi nne, lirekebishe kabla faili halijatoka.

Sasa giza la picha. Karatasi ya gazeti ni ya gramu 45 hivi kwa mita ya mraba, haina mpako, na mitambo mingi ya magazeti haina tanuru la kukaushia wino. Wino unakauka kwa kunywewa na karatasi, kwa hiyo kila nukta inatanuka. Kiwango cha kimataifa cha uchapaji wa magazeti, ISO 12647-3, kinakadiria kwamba nukta ya 50% itaonekana kama 76%. Ngozi ya uso iko humo humo katikati, ndiyo maana sura zinazama huku anga na nguo nyeupe vikibaki sawa. Usipandishe mwanga wa picha nzima, utaua sehemu nyeupe. Fungua Curves (mkunjo wa mwanga ndani ya Photoshop), nyanyua katikati tu. Sehemu nyeupe yenye maelezo iache kwenye nukta za 3% hivi, na giza zito lisipite 90% kwenye nyeusi.

Ugeuzaji kwenda CMYK ufanywe kwa profaili (faili la mipangilio ya rangi) ya magazeti. ISOnewspaper26v4 inafunga jumla ya wino kwenye 240%, na WAN-IFRAnewspaper26v5 kwenye 220%. Waulize kiwanda wanatumia ipi. Profaili za karatasi ya kung'aa huruhusu 300% na zaidi, na kwenye karatasi hii wino huo haukauki: unahamia ukurasa unaotazamana nao na vidole vya msomaji.

Ukali wa picha uongezwe mwisho, ikiwa tayari kwenye ukubwa wa kuchapwa. Kwenye Photoshop, Unsharp Mask, Amount 150%, Radius 1.2, Threshold 3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwenye skrini itaonekana kali kupita kiasi kidogo, na inatakiwa iwe hivyo. Pikseli 200 kwa inchi zinatosha kwa skrini ya uchapaji (mpangilio wa nukta za wino) ya mistari 100 kwa inchi. Picha ya upana wa mm 204 inahitaji pikseli 1,600 hivi kwa upana. Waambie wapiga picha watume picha kama hati, kwani WhatsApp ikizituma kama picha za kawaida inazibana na kuzipunguza.

Deski_ya_Mbele:
PletiNne amemaliza upande wa wino. Mimi niseme kuhusu habari tano.

Ukurasa wa mbele unahitaji habari kuu moja, picha kuu moja, na vidokezo viwili au vitatu vyenye namba ya ukurasa. Uamuzi huo ni wa mhariri na ufanyike kabla ya msanifu kufungua kompyuta. Msanifu akiletewa habari tano bila mpangilio wa uzito, atazigawia nafasi sawa, na huo ndio ukurasa ulionao sasa.

Tofauti ya ukubwa wa vichwa iwe kubwa kweli. Kikuu pointi 80, kinachofuata 36 hadi 40, vidokezo 18 hadi 20. Vichwa vya pointi 60 na 52 vikikaa ukurasa mmoja vinagombana. Kwa pointi 80, fonti nene iliyobanwa kiasi, upana wako wa kuchapa wa mm 256 (280 ukitoa mm 12 nyeupe kila upande) unabeba herufi kama 20 kwa mstari, nafasi zikiwemo. Kiswahili kinakula nafasi haraka kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba mambo mengi. "Wananchi waliokosa maji kwa wiki tatu walalamikia mamlaka" haiingii hata kwenye mistari miwili. "Wiki tatu bila maji" ni herufi 19, inaingia kwenye mmoja, na ina nguvu zaidi. Kichwa kikigoma kuingia, badilisheni maneno. Kubana fonti kwa kuivuta pembeni kunaharibu umbo la herufi na kila mtu anaona.

Halafu hili ni gazeti la wiki. Tukio la Jumatatu msomaji kalisikia redioni na kwenye simu siku ile ile. Kichwa kinachotangaza tu kwamba jambo limetokea kinamfikia kikiwa kimechacha. Mpe sababu, gharama, nani anawajibika au nini kinafuata.

Kwa vipimo: nembo ya gazeti isizidi mm 60 kwenda chini, na kichwa kikuu kianzie kushoto katika nusu ya juu, yaani mm 215 za kwanza. Mezani kwa muuzaji magazeti hukunjwa au hulaliana, na kinachobaki kuonekana ni sehemu ya juu na ukingo wa kushoto. Picha kuu ikatwe kwa ujasiri. Sura ya mtu ikiwa ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, kwenye karatasi hii haitambuliki.

Jaribio la haraka: chapa ukurasa kwenye A4 (utapungua hadi 69% hivi), rangi nyeusi tu, ubandike ukutani, simama mita mbili. Ni kama kuutazama wenyewe kutoka mita tatu. Usipojua usome nini kwanza, mnunuzi naye hatajua.

Mzee wa Prufu:
Nakubali habari kuu moja, ila niongeze neno. Gazeti la eneo moja lina wasomaji wanaotafuta jina la mtaa wao. Ukiacha habari moja tu mbele, wengine watadhani hakuna chao ndani. Wekeni ukanda mwembamba chini, mistari minne ya pointi 14, bila picha: jina la mahali kwa herufi nene, maneno manne au matano, namba ya ukurasa. Unachukua mm 35 tu na haugombani na habari kuu.

Na hizo namba za kurasa zihakikiwe mwisho kabisa, kurasa zote zikiwa zimefungwa. Kidokezo kinachompeleka msomaji ukurasa wa 6 wakati habari imehamia wa 7 ni kosa la kawaida mno. Bandikeni karatasi ukutani: tarehe, namba ya toleo, bei, namba za vidokezo, maelezo ya picha yamelingana na picha yake, "Inaendelea uk." inapatikana huko inakoelekeza. Asome mtu ambaye hakupanga ukurasa huo, kwa kidole, kwenye karatasi.

Safu na Mstari:
Mianya kati ya maneno ina sababu mbili. Kwanza upana: mm 256 ukigawa safu 6 zenye nafasi ya mm 4 kati yake, kila safu ni mm 39. Kwa pointi 9 hapo zinakaa herufi 26 hivi. Neno kama "yatakayowasilishwa" lina herufi 18. Likishindwa kuingia mwisho wa mstari, yaliyobaki ni maneno mawili yanayovutwa kujaza safu nzima.

Pili ni ukataji wa maneno. InDesign ikiachwa kwenye lugha ya Kiingereza inakata maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, unapata "wanan-chi". Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo mkato sahihi ni "wana-nchi", "ng'o-mbe", "maende-leo". Kwenye mtindo wa aya weka lugha isiyotajwa (No Language), kisha pale penye mwanya mkubwa kata mwenyewe kwa Ctrl+Shift+- baada ya irabu. Alama hiyo haionekani neno likirudi katikati ya mstari. Usichape kistari cha kawaida, aya ikihama utakuta "wana-nchi" katikati ya sentensi.

Kwenye Justification (mipangilio ya kunyoosha mistari pande zote mbili), nafasi za maneno weka 80, 100, 120, yaani asilimia ya chini, ya kawaida na ya juu. Nafasi za herufi -1, 0, 1. Upana wa herufi 98, 100, 102. Zaidi ya hapo jicho linaona. Maandishi pointi 9 juu ya mistari ya pointi 10.5, na yote yafungwe kwenye gridi ya mistari ili safu zilingane.

Kurasa16:
Shukrani sana wakuu. Swali: je, nihamie safu 5 ili ziwe pana? Na tatizo la habari ndefu linatatuliwaje?

Safu na Mstari:
Usiguse safu 6 kabla ya kuongea na watu wa matangazo. Kama wanauza kwa sentimita za safu (urefu kwa sentimita mara idadi ya safu), ukibadili gridi unavuruga ukubwa wa kila tangazo lililolipiwa. Bakiza 6 kwa matangazo, na habari uzipange kwa mapana mengine juu ya gridi hiyo hiyo. Habari inayochukua upana wote ipe safu nne, kila moja mm 61. Inayochukua safu nne za gridi (mm 169) ipe tatu, kila moja karibu mm 54. Sasa una herufi 36 hadi 41 kwa mstari na mianya inapungua sana. Safu ya mm 39 iachie habari fupi, na hizo zilinganishe kushoto tu, bila kunyoosha kulia.

Deski_ya_Mbele:
Habari ndefu ni suala la ratiba. Kunja karatasi nne za A4 pamoja, unapata kijitabu cha kurasa 16. Weka matangazo kwanza, chini ya ukurasa na upande wa nje, yasipande ngazi pande zote mbili. Kinachobaki ndicho cha habari, na hapo mwandishi anaambiwa idadi ya maneno kabla hajaandika.

Hesabu yake kwa gridi yako: safu 6 mara sentimita 38 za urefu ni sentimita za safu 228. Tangazo la 40% linachukua 91, zinabaki 137. Picha ya safu tatu kwa sentimita 12 ni 36, vichwa na maelezo ya picha kama 30. Zimebaki 71. Kwa pointi 9, sentimita 10 za eneo la safu moja hubeba takriban maneno 100, kwa hiyo ukurasa huo unabeba maneno 700: habari moja ya 450 na mbili za 125. Mimina maneno 500 ya kwenu kwenye ukurasa mtupu upime, fonti zinatofautiana. Habari ikizidi, ikatwe kutoka chini. Pointi 8 kwenye karatasi hii inajaa wino ndani ya "a" na "e", na wazee wataacha kununua.

Kurasa za makala, kama 4 hadi 7 na 10 hadi 13, zifungwe mapema katikati ya wiki. Siku ya mwisho zibaki 1, 2, 3 na 16.

Kurasa16:
Nimeelewa. La mwisho: kuna mteja anataka tangazo la rangi ukurasa wa 5. Inawezekana?

PletiNne:
Kurasa zinazokaa karatasi moja upande mmoja jumla yake ni 17 kwenye gazeti la kurasa 16. Kwa hiyo 5 inakwenda na 12. Ukilipia rangi ya 5, uliza kama 12 nayo inapata, mara nyingi inapata, na hapo tafuta mteja wa pili. Omba ramani ya rangi ya mtambo wao kabla ya kumwahidi mtu.

Kwa hesabu hiyo hiyo, kichwa au picha ya kuvuka kurasa mbili iweke 8 na 9 tu, maana hizo ziko karatasi moja. Ukivusha 4 na 5, nusu mbili zinakutana zikiwa zimepishana milimita kadhaa. Na kwenye mtambo wa namna hii kingo hazikatwi kwa mashine ya kukatia, basi acha mm 12 nyeupe pande zote, hata kwenye tangazo la ukurasa mzima. Mteja akileta tangazo linalogusa ukingo, mrudishie siku hiyo hiyo akiwa na muda wa kulirekebisha.