Tupeane uzoefu: nani ametengeneza TV yake ya flati mwenyewe nyumbani?

Mwangaluka wakuu. Hapa Mwanza mvua zikianza, radi za ziwani na umeme wa kukatika-katika huacha TV nyingi zimezima. Unaambiwa "bodi imekufa", unanunua nyingine, ile inakaa stoo. Mimi naamini nyingi zinapona, tena mezani kwako. Tuambiane: ilikuwa na tatizo gani, ulifanyaje?

Naanza. Yangu ni inchi 32, sauti ipo, kioo cheusi tii. Nilizima taa za sebuleni, nikakimulika kwa tochi ya simu kwa karibu, nikamwona mtangazaji kwa mbali. Hapo ujue kioo kizima, zilizokufa ni taa za nyuma yake. Zimeungwa mfululizo, moja ikiungua inaweza kuzima zote. Nilinunua seti nzima, maana ukibadilisha moja, wenzake waliochoka watafuata. Angalia volti: kuna taa za volti 3 na za volti 6, hazichanganywi.

Kazi yenyewe ni kukitoa kioo. Ni chembamba, na ukingoni kina riboni laini; ikichanika moja, TV imeisha. Tulikinyanyua wawili, mimi na shemeji, tukakilaza kwenye shuka safi. Karatasi nyeupe za ndani nilizipiga picha moja moja ili zirudi kwa mpangilio uleule. Sasa inawaka vizuri, na mwanga nimeushusha kwenye menyu ili taa zisichoke mapema.

Mdau wa Igoma:
Hongera mkuu. Yangu ilikuwa taa nyekundu inapepesa tu, haiwaki. Kufungua, nikakuta kapasita mbili (vile vikopo vinavyotunza umeme) za pawasaplai, bodi inayogawa umeme ndani ya TV, zimevimba vichwa. Nilinunua zenye mikrofaradi (kipimo cha ujazo wake) zilezile, volti zisipungue za mwanzo, nikachomelea, ikawaka. Ila jamani, ile kapasita kubwa upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Usiiguse kabla ya kuipima kwa mita. Kama huna mita, usifungue.

Mdau wa Kirumba:
Kwangu mtoto alirusha rimoti, kioo kikapasuka. Bei ya kioo ilikaribia ya TV mpya. Niliuza bodi zake kama spea, nikaongezea hela nikanunua nyingine.

Mdau wa Nansio, Ukerewe:
Huku mpaka uvuke ziwa ndipo umpate fundi wa flati, kwa hiyo tunajifunza. Yangu iliganda kwenye nembo. Niliiwekea programu upya kwa flashi, na iliyokubali ni ile ya namba iliyoandikwa kwenye bodi. TV za jina moja huwa na bodi tofauti ndani.

Fundi, Buzuruga:
Mmeeleza vizuri wakubwa. Naongeza mawili. Radi haipiti kwenye umeme peke yake, hupita hata kwenye waya wa dishi au antena. Wingu likikaza, chomoa vyote. Nazipokea nyingi zilizoungua upande wa dishi huku pawasaplai ikiwa nzima. Na mnaobadilisha taa, kila taa ina kikofia kidogo cha plastiki kinachotawanya mwanga. Kikidondoka, utaona doa jeupe kwenye picha. Kagua vyote kabla ya kurudisha kioo, na uwashe taa kwanza kikiwa bado nje.