Beji ya mzee haimo kwenye DD 214

Wakuu, mzee wangu alikuwa askari wa miguu wa Marekani, Vietnam, 1968. DD 214 yake (cheti cha kuachishwa jeshi) ina Purple Heart tu, nishani ya majeruhi wa vita. Combat Infantryman Badge (beji ya askari wa miguu aliyepigana vitani) haimo, ilhali amri ya kumtunuku ninayo, imekunjwakunjwa hadi inachanika. Nianzie wapi?

— Kwanza itoe kopi, halisi usimpe mtu! Jaza SF 180 (fomu ya kuomba kumbukumbu za jeshi), tuma St. Louis, kwenye hifadhi ya mafaili ya wanajeshi, pamoja na kopi. Wakikubali wanatoa DD 215, karatasi ya kusahihisha DD 214. Ile 214 haiandikwi upya.

— Nasikia hifadhi ya St. Louis iliungua?

— Ndiyo, 1973, lakini mafaili ya jeshi la nchi kavu yaliyoungua ni ya walioachishwa hadi 1960. Ya mzee hayamo.

— Wakikataa, tuma DD 149 (fomu ya kuomba marekebisho) kwa bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi. Muda ni miaka 3 tangu kugundua kosa, ila bodi yaweza kuusamehe. Eleza sababu ya kuchelewa.