Mdogo wangu amekutwa na homa ya ini B, naomba ushauri

Jambo ndugu zangu. Niko Kadutu, Bukavu. Wiki jana mama alipasuliwa, mdogo wangu akaenda kumtolea damu. Wakamrudisha: ana homa ya ini aina B. Kijana anabeba mizigo sokoni, hajawahi hata kulala hospitalini! Mtu wa labo akasema tu kwamba wanakuta wengi hivyo, akaita anayefuata.

Sasa shangazi amemtengea kikombe, mpini kaupaka rangi nyekundu ya kucha. Namwambia virusi hivi hupita kwa damu, kwa ngono na mama anapozaa, si kwa sahani ya bugali. Hasikii. Mimi hofu yangu ni wembe, maana tunanyoana na mmoja, sote watatu.

Nimesoma kuwa homa ya ini aina C huponywa na vidonge vya miezi kama 3 lakini haina chanjo. B ina chanjo, ila ikishakuwa sugu dawa huituliza tu. Na mke wake ana mimba ya miezi 7. Mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, sawa, lakini hapa Bukavu nyinyi chanjo hiyo mliipata wapi, kwa bei gani? Na kipimo cha wingi wa virusi, kuna aliyekifanya hapa hapa, au ni kuvuka Rwanda?