Mwanasheria wa uhamiaji Marekani unampataje ukiwa huku Moshi? Naombeni msaada kabla hatujatuma hela

binti_wa_marangu
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naomba msaada hasa kwa mlio nje au mliowahi kupitia hili jambo. Mdogo wangu wa kike yuko Texas, alienda kwa viza ya mwanafunzi, ada ikamshinda akaacha chuo, baadae akaolewa. Ndoa ya kweli kabisa, shem ni raia wa kule na alikuja mwenyewe mpaka Marangu kutoa mahari, tukampokea na mbege, mdogo wangu akabaki huko maana kusafiri hawezi. Sasa wanataka kushughulikia makaratasi ya grini kadi, yaani kibali cha kuishi kule moja kwa moja. Kuna kaka Mtanzania wameunganishwa naye kanisani huko, anasema hiyo ndo kazi yake miaka yote, anajaza fomu zote na kutuma mwenyewe, anataka dola 2,500 mkononi kabla hajaanza na mkataba hatoi, anasema sisi ni ndugu mkataba wa nini. Wamepungukiwa wakatuomba nyumbani tuchangie, mama keshasema atauza ng'ombe wa maziwa na huyo ng'ombe ndo ada ya mdogo wetu wa mwisho. Roho inasita jamani. Mwanasheria wa kweli wa haya mambo unamjuaje? Na lazima awe wa Texas hukohuko?

sakina_mpaka_minnesota
Dada shikamoo kama umenizidi. Kwanza mwambie mama asiuze kitu wiki hii.

Mimi kwetu Sakina ila nipo huku muda mrefu na haya mambo nayaona kila siku. Wanaoruhusiwa kukusimamia kwenye uhamiaji Marekani ni mwanasheria mwenye leseni, au mtu aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria yao anayefanya kazi kwenye shirika lisilo la faida linalotambulika. Basi. Mwingine yeyote, hata awe mzee wa kanisa, anaruhusiwa kuandika unachomwambia tu, siyo kukuchagulia fomu wala kukwambia ujibu nini. Kuhusu Texas, sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu kwa hiyo mwenye leseni ya New York anaweza kumsimamia mtu wa Houston, ila mimi ningechukua wa karibu, siku ya intavyuu ukitaka akae na nyie wa mbali utamlipia na ndege.

Kumhakiki ni dakika tano hata ukiwa na simu hapo Moshi. Kila jimbo lina orodha ya mawakili wake mtandaoni, Texas ipo kwenye tovuti ya State Bar of Texas, unaandika jina inakuletea namba ya leseni, mwaka aliopewa na kama amewahi kuadhibiwa. Kama bado hamna jina, kuna chama cha wanasheria wa uhamiaji kinaitwa AILA, kipo tangu 1946, unatafuta kwa mji na hata kwa lugha. Hela ikiwa ngumu kabisa waulize Catholic Charities, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, la mji wao, sehemu nyingi wana hao watu walioidhinishwa na bei yao ni ya chini.

Afu kuna kitu kimoja naomba mdogo wako afanye leo. Afungue fomu ya I-130, ile mume anayomwombea mkewe, ni ya bure kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya kule, ashuke kule mwisho baada ya sahihi ya mwombaji, atakuta sehemu ya aliyeandaa fomu, jina lake, anwani yake na sahihi yake. Amuulize huyo kaka, hapa utasaini? Wengi wa namna hiyo wanapaacha wazi ionekane umejaza mwenyewe, kikiharibika kitu jina lililobaki pale ni la kwako. Mwanasheria yeye anasaini hapo na anaambatanisha G-28, fomu inayosema mimi ndo namsimamia huyu mtu, na barua za serikali anapata nakala.

karani_wa_chuga
Nafanya kazi ofisi ya wakili hapa Arusha na naongezea hapo. Hata huku vishoka wamejaa nje ya mahakama, anakugongea muhuri wa kuchonga anakula laki yako. Sasa ndugu zetu wakifika Marekani wanaponzwa na kitu kingine, huku kwetu ukiona notari unajua huyo ni wakili, kule notari ni mtu wa kushuhudia sahihi tu, hajasomea sheria. Kibao mlangoni kisiwadanganye.

Na hiyo ya mkataba msikubali hata kidogo. Undugu hauzuii maandishi, tena ndo unayahitaji zaidi. Kwenye mkataba muone ada yake ni kiasi gani, ada ya serikali ni kiasi gani na nani anailipa, maana hivyo ni vitu viwili tofauti. Tangu Aprili 2024 I-485, fomu ya kuombea grini kadi yenyewe, peke yake mtu mzima ni dola 1,440 na I-130 ya karatasi dola 675, jumlisha uone kama hizo 2,500 zake ni pamoja na hizo au mtashtukia mwishoni. Waulize pia, uhamiaji wakirudisha barua kudai ushahidi zaidi kuijibu ni hela nyingine? Intavyuu anakuja? Kila hela itoke na risiti, na mdogo wako asisaini fomu tupu hata aambiwe ni haraka kiasi gani.

kibo_view
Mimi natofautiana kidogo. Mimi na mke wangu hatukuweka mwanasheria, maelekezo yote yapo kwenye tovuti yao, tulijaza wenyewe jioni baada ya kazi tukapita vizuri. Kwa ndoa ya kweli na raia msiogopeshwe mpaka mkauza mifugo.

sakina_mpaka_minnesota
Mkuu kibo_view ni kweli kesi nyepesi unajaza mwenyewe, sibishi. Ila huyu binti aliacha chuo. Kama aliingia kwa viza na akapita kwa ofisa uwanjani, mke wa raia anaweza kuombea grini kadi humohumo ndani hata kama muda wake ulishapita, hilo lisiwatishe. Kinachonipa wasiwasi ni hapo katikati alipokuwa anahangaika na kibarua. Kama kuna fomu ya kazi aliwahi kuweka tiki kwamba yeye ni raia wa Marekani, hilo ndoa haiponyi, na anayejua kuuliza hayo ni mwanasheria. Alipie hata saa moja tu ya ushauri, aseme ukweli wote, ikionekana kesi nyepesi wakajaze wenyewe.

Na dada, nakuomba sana, maombi yakishaingia asipande ndege kuja nyumbani hata kwa msiba kabla hajapewa kibali cha kusafiri, akitoka bila hicho yanahesabika ameyaacha. Picha za shem akitoa mahari zitunzeni, zote, na zile zenye wazee. Huo ni ushahidi wa ndoa ambao mtu wa kuungaunga hana.

binti_wa_marangu
Mungu awabariki sana. Nimeongea na mdogo wangu usiku. Jina la huyo kaka kwenye orodha ya Texas halipo, na alipoulizwa kama atasaini ile sehemu akasema hiyo siyo muhimu afu akaanza kumnunia shem. Wameachana nae. Wamepata mwanasheria Houston, jina lake wameliona na leseni iko hai, wanaonana nae wiki ijayo kwa ushauri kwanza. Hizo ada za serikali shem anasema watajikusanya wenyewe taratibu. Mdogo wangu kaagiza cheti chake cha kuzaliwa na sisi huku tuna cha ubatizo tu, naanzia wapi?

karani_wa_chuga
Nenda RITA, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya mlikomzalia. Beba hicho cha ubatizo, cha kumaliza shule, kadi ya kliniki kama mama aliitunza, na kitambulisho cha mama, bora uende nae kabisa. Majina yalingane na pasipoti herufi kwa herufi, usitoke pale dirishani kabla hujayasoma. Karatasi yoyote ya Kiswahili watakayotuma iwe na tafsiri ya Kiingereza, na aliyetafsiri asaini kwamba lugha zote mbili anazijua na tafsiri ni sahihi.