Duka la pleistesheni za zamani hapa mjini, mmemdhulumu mwanangu Spyro yake

Jamani, leo nina hasira na sitaificha. Kuna duka moja hapa Mombasa, upande wa Mwembe Tayari, linauza pleistesheni za kwanza, zile za kijivu, pamoja na sidi zake. Jina silitaji, mwenyewe anajijua. Nilinunua mashine pamoja na Spyro: Year of the Dragon, gemu ya joka mdogo anayetafuta mayai, ile ya mwaka 2000. Kabla sijatoa pesa niligeuza sidi nikamuuliza, mbona chini si nyeusi? Sidi za kweli za mashine ile chini ni nyeusi ti. Akaniapia wallahi ni orijino, eti hiyo ni ya Ulaya ndiyo maana inameremeta. Uongo mtupu! Za Ulaya nazo ni nyeusi.

Mwanangu wa kike akaipenda gemu ile mpaka chakula akawa anaitwa mara mbili. Na aliyeicheza anajua kwa nini. Ukiingia Sunrise Spring, ulimwengu wa kwanza wa gemu, hakuna anayekusukuma, hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unaona ukingo wa jabali kule ng'ambo, unajiuliza: nikiruka hapa nikatandaza mabawa, nitafika? Unajaribu, unaanguka, unatafuta mahali palipoinuka zaidi, unajaribu tena. Ukifika unalikuta yai limekaa peke yake, unaligusa, linapasuka, kinatoka kijoka kichanga na jina lake linaandikwa. Kila kimoja na jina lake! Mayai yako 150, na mtoto alikuwa ananitajia majina hayo kama anataja wanafunzi wenzake.

Halafu kuna Sparx, yule kerengende anayekufuata. Afya yako yeye ndiye anaibeba. Ukiwa mzima ana rangi ya dhahabu, ukipigwa anakuwa buluu, ukipigwa tena anakuwa kijani, kisha hayupo kabisa. Hapo inabidi uwinde wanyama wadogo ili watoe kipepeo, yeye amle apate nguvu. Mtoto hakuelezwa na mtu. Aliona rangi ya mdudu akajua yuko hatarini. Gemu ngapi za leo, na ukubwa wake wote, zinamwamini mchezaji hivyo?

Sasa sikilizeni uovu wenyewe. Kwanza alitokea Zoe, yule mdogo mwenye mabawa anayetoa maelezo, akasema huenda nakala yetu si halali na tutapata matatizo. Mtoto akanisomea. Nikarudi dukani, nikaambiwa hayo ni maneno ya hadithi tu, puuza. Baadaye mayai aliyokwisha kuyapata yakaanza kupungua. Nikarudi, nikaambiwa memori kadi, ile inayohifadhi ulikofika, ni mbovu, nikauziwa nyingine. Yakapungua tena. Safari hii lawama zikaenda kwa joto la Mombasa, eti mashine inachemka, niiwekee feni! Mtoto akakaza hivyo hivyo, akatafuta upya, akafikisha mayai 100 yanayofungua njia ya kwenda kwa yule mchawi mwenyewe, Sorceress. Wako katikati ya vita, skrini ikageuka, akajikuta yuko mwanzo kabisa wa gemu. Kufungua kadi, alichosevu chote kimefutwa. Alilia mpaka mamake akatoka jikoni.

Si joto, si kadi. Insomniac Games, walioitengeneza, waliificha mitego ndani ya gemu hii kwa makusudi. Kinga ya Spyro ya pili dhidi ya kopi ilivunjwa haraka na wadurufu, kwa hiyo ya tatu wakaijaza ukaguzi kila pembe. Kopi iliyovunjwa kinga nusu inawaka vizuri, inacheza vizuri, halafu inakunyang'anya mayai na vito kidogo kidogo, na ukifika vita vya mwisho inakurudisha mwanzo na kufuta ulichohifadhi. Wavunjaji walihangaika nayo zaidi ya miezi miwili kabla ya kupata kopi safi. Siwalaumu waliotega, walikuwa wanalinda jasho lao. Namlaumu mtu anayeuza pleistesheni kila siku, aliyetiwa dalili zote mkononi na mimi mwenyewe, akachagua kuniuzia kadi ya pili.

Na kilichoniwasha zaidi ni jibu la mwisho. Nilipomweleza yote hayo akasema, "Mzee, hiyo si gemu ya watoto tu? Chukua ya mpira." Ya watoto tu! Mtoto aliyejifunza mwenyewe kupima umbali kwa jicho, aliyekariri kila pango, aliyemchukia yule dubu Moneybags kwa kudai vito kila mlango, unamwambia achukue ya mpira? Mpira ukipoteza mechi unaanza nyingine papo hapo. Gemu kama hizi utamu wake wote uko kwenye ulichokusanya na ulikofika. Ukimfutia hivyo, hujambakishia kitu.

Nataka pesa ya sidi, na nataka pesa ya kadi ya pili, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa na kasoro, fundi wa Majengo ameipima mbele yangu. Mashine nabaki nayo. Na zile kopi nyingine zilizopangwa pale rafuni ziandikwe kopi na ziuzwe kwa bei ya kopi.

Mlionunua pale, pindueni sidi zenu leo. Kama Zoe ameshawatokea, msimwache mtoto aendelee kukusanya. Na kama kuna aliye na Year of the Dragon ya kweli, nyeusi chini, awe Likoni, Kisauni au Mtwapa, aniandikie bei yake hapa. Nitaifuata mwenyewe.