Naomba ushauri: mzee anachukuliwa kinyama cha tezi dume, nahofia maambukizi

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Baba yangu, miaka 68, tupo Igombe hapa Mwanza. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imepanda, wiki ijayo anachukuliwa kinyama cha tezi dume kikapimwe, sindano ikipitia njia ya haja kubwa. Ana kisukari, na mwezi uliopita alimaliza dozi ya sipro (antibiotiki ya ciprofloxacin) kwa ajili ya UTI. Sasa dawa ya kinga aliyoandikiwa ni sipro hiyohiyo, pakiti ninayo hapa mezani. Hilo ndilo linaninyima usingizi: bakteria wa utumbo waliokwishazoea dawa, sindano inawapeleka moja kwa moja kwenye tezi, hata kwenye damu. Nesi nilimuuliza, akasema ndio utaratibu wao. Daktari bado sijampata.

Niombe achukuliwe sampuli ya njia ya haja kubwa ioteshwe maabara, ili dawa ichaguliwe kwa majibu? Na je, Kanda ya Ziwa kuna wanaopitisha sindano kwenye ngozi, kati ya korodani na njia ya haja kubwa? Nasikia huko maambukizi ni machache.

Akipata homa au kutetemeka baadaye, tumeshakubaliana anarudi hospitali usiku huohuo. Mliouguza wazee, nisaidieni tafadhali.