Hivi mtu wa kawaida anaweza kutabiri tetemeko?

mdau_wa_pwani: Wakuu habari, yule Mholanzi Frank Hoogerbeets aliyeposti kuhusu tetemeko la Uturuki siku tatu kabla ya lile la Februari 6, 2023 mnamchukuliaje? Eti anasoma mpangilio wa sayari. Ana kitu au kabahatisha?

Kichuguu: Kabahatisha mkuu. Siku hakutaja, alisema tu ipo siku litapiga la kama 7.5 maeneo yale, sasa pale si kwenye nyufa kubwa za ardhi, hata mimi ningesema. Taja mahali, muda na ukubwa, halafu tuhesabu na ulizokosa.

Mama Sele: Msiwabeze wote jamani. Haicheng, China, 1975, wananchi walikuwa wanaangalia visima na wanyama, nyoka wakatoka mashimoni kwenye baridi kali, taarifa zikapelekwa juu, watu wengi wakatolewa majumbani na Februari 4 jioni likapiga la 7.3.

Kichuguu: @Mama Sele nyoka sawa, ila kilichowashtua zaidi ni vitetemeko kibao vilivyotangulia. Mwaka uliofuata tetemeko la Tangshan, hukohuko China, halikuwa na dalili kama hizo, wakafa watu zaidi ya 240,000.

fundi_redio: Anayetaka kushiriki kweli atafute Raspberry Shake, kimashine cha kupima mitetemo unakiweka nyumbani, data inaingia kwenye mtandao wa pamoja na wanasayansi wanaitumia. Hakitabiri lakini, kinarekodi tu. Na usikiweke karibu na jenereta, utaona matetemeko kila saa 😂